Milioni Mia za Muluka, na Baraza Lisilo na la Kuamua

Tarehe 26 Februari 2022, wilayani Kibuku, mashariki mwa Uganda, Rais Yoweri Museveni alizindua mpango wa maendeleo wa parishi, ambao leo kuanzia sokoni hadi kwenye stendi ya bodaboda unaitwa PDM tu. Ahadi yake haina mafumbo. Kila muluka, maana ndivyo wengi wetu tunavyoendelea kuiita parishi, hupangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Fedha hizo huingia moja kwa moja katika akaunti ya SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ya muluka. Na kaya ambayo bado inalima kwa ajili ya tumbo tu hukopeshwa hadi shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ikipewa miaka miwili kabla ya kurejesha. Miluka ni zaidi ya 10,500 nchi nzima, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya shilingi trilioni 1 kwa mwaka wa fedha. Tangu wakati huo, katika mikutano ya hadhara, redioni na hata katika mazungumzo ya watu makini, imezoeleka kusikia kwamba sasa ugatuzi wa madaraka umekamilika, kwamba serikali imefika mlangoni pa mwananchi. Naamini huko ni kuusoma mpango huu vibaya. Kilichoshuka hadi mulukani ni fedha. Madaraka ya kuamua fedha hizo zifanye nini yamebaki Kampala, tena yameshikwa huko kwa nguvu kuliko miaka 25 iliyopita, na PDM, pamoja na mema yake, inatuonyesha jinsi serikali za mitaa zilivyodhoofika.

Mema yake nayakiri mapema. Wapo watu ninaowafahamu ambao milioni hiyo moja imewanunulia nguruwe, miche ya kahawa au kuku wa mayai, na ada ya shule ya watoto wao haisubiri tena huruma ya ndugu. Hoja yangu haihusu kama mkopo huo unafaa au haufai. Inahusu nani mwenye sauti juu ya fedha za umma zinazotumika katika eneo fulani, na hilo ni swali la sheria kabla ya kuwa swali la kilimo.

Katiba ya 1995, katika Sura ya 11, pamoja na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, zilipanga ngazi tano za mabaraza ya mitaa, LC, ambazo kila raia anazijua kwa namba: LC1 kijijini, LC2 mulukani, LC3 kwenye gombolola, yaani kundi la miluka, LC4 kwenye saza, yaani kundi la gombolola, na LC5 wilayani. Namba hizi zinazofuatana zimetufanya tudhani kuwa ngazi zote ni za aina moja, zikitofautiana ukubwa tu. Sivyo. Wilaya na gombolola, pamoja na majiji, manispaa, divisheni na miji midogo kwa upande wa mijini, ndizo serikali. Hizo zinaweza kushtaki na kushtakiwa, kumiliki mali, kutoza kodi, kupitisha bajeti na kutunga sheria ndogo. Kijiji, muluka na saza ni maeneo ya utawala. Yana mabaraza yanayosuluhisha, kuangalia na kushauri, lakini hayana bajeti inayojadiliwa na kupigiwa kura na wawakilishi waliochaguliwa. Kwa hiyo trilioni nzima inashukia katika ngazi ambayo sheria haikuipa uwezo wa kupanga matumizi, ikiwa imeyapita mabaraza ya wilaya na ya gombolola yaliyopewa uwezo huo. Kiasi cha mkopo kimeamuliwa Kampala, riba imeamuliwa Kampala, aina ya miradi inayokubalika imeelekezwa kutoka Kampala, na siku hizi hata njia ya kumfikishia mkopaji fedha, yaani mkoba wa simu, ni moja kwa nchi nzima. Mkuu wa muluka ni mwajiriwa wa serikali. Viongozi wa SACCO wanachaguliwa na wanachama wa SACCO. Diwani wa gombolola, aliyepigiwa kura na watu wote wa eneo lake, wakopaji na wasiokopa, anaalikwa kushuhudia makabidhiano.

Maneno yenyewe tunayoyatumia yana historia ndefu. Saza, gombolola na muluka ni maneno ya Buganda, na huku mashariki yaliletwa na Semei Kakungulu, aliyejenga ngome Budaka mwanzoni mwa karne ya 20 kabla ya kuhamia Mbale, akaigawa nchi kwa mfano wa Buganda na kuweka mawakala wake juu ya kila kipande. Utawala ule ulikuja na kodi mkononi. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulikuwa umeweka kodi ya nyumba ya rupia 3, na kutoka kodi ya nyumba tulifika katika kodi ya kichwa, ile iliyopandishwa kulingana na makadirio ya mali ya mtu. Makadirio hayo yalifanywa na machifu, na chifu akikuchukia ng'ombe wako mmoja aliweza kuhesabiwa kama watatu. Mwezi Januari 1960 watu wa wilaya ya Bukedi walichoka. Nyumba na mali za machifu zilishambuliwa, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Kibuku, mahali ambapo PDM ilizinduliwa, ni sehemu ya iliyokuwa Bukedi. Sioni katika ghasia zile watu waliochukia serikali kwa ujumla. Naona watu waliokuwa wakilipa, na kwa sababu walikuwa wakilipa, walidai kujua nani amewakadiria, kwa kipimo gani, na fedha zao zinakwenda wapi.

Kati ya uhuru na 1986 hadithi ni fupi na ya kusikitisha. Katiba ya 1962 iliipa Buganda hadhi ya shirikisho. Katiba ya 1967 ikazifuta falme, na mwaka huohuo mabaraza ya wilaya yakawekwa chini ya mkono wa waziri. Serikali ya NRM, ile ya Museveni, ilipoingia ilikuja na mabaraza ya RC (Resistance Councils), yaliyotangulia haya ya LC, na tarehe 2 Oktoba 1992 ikatangaza rasmi sera ya kugatua madaraka. Kwa miaka kumi hivi Uganda ilitazamwa Afrika nzima kama mfano, na sifa ile haikuwa ya bure: wilaya ziliajiri wafanyakazi wake hadi mtendaji mkuu, zilipanga bajeti, na zilikuwa na kodi yake.

Kodi hiyo ndiyo ile ya kichwa, na hapa lazima niwe mkweli, kwa kuwa wapo wanaoikumbuka kama kwamba ilikuwa mchango wa hiari. Ilikuwa kodi ya mateso. Askari wa gombolola walizingira vijiji alfajiri, wanaume wakakimbilia vichakani na kwenye mashamba ya mihogo, na aliyekamatwa njiani bila tiketi ya mwaka huo alilala mahabusu. Marehemu baba yangu alizihifadhi tiketi zake zote katika kopo la bati la majani ya chai, zimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka, na tulipokuwa tukihama nyumba kopo lile lilibebwa kabla ya hati ya shamba. Hakuipenda kodi ile hata kidogo. Lakini kwenye mkutano wa gombolola alisimama akiwa na tiketi mfukoni, akauliza kisima kimefikia wapi, na mwenyekiti alijua kwamba anaulizwa na mtu aliyelipia kisima hicho. Sheria ya 1997 ilikuwa imeunganisha mambo hayo kwa ustadi. Gombolola ilibaki na asilimia 65 ya mapato iliyokusanya na kupeleka asilimia 35 wilayani. Na katika sehemu iliyobaki kwenye gombolola, asilimia 25 ilitakiwa kurudi vijijini, asilimia 5 mulukani na asilimia 5 kwenye saza. Shilingi ya mlipaji iliweza kufuatwa kwa macho, kutoka mkononi mwake hadi kwenye daraja la kijiji chake.

Halafu zikaja kampeni. Katika uchaguzi wa 2001 wagombea walishindana kuipunguza kodi hiyo, na kiwango cha chini kikashushwa hadi shilingi 3,000; mwaka 2005, kuelekea uchaguzi wa 2006, ikafutwa kabisa. Mwaka huo wa 2005 unastahili kutazamwa kwa makini kuliko tunavyoutazama, kwa sababu wilaya zilipoteza mambo matatu kwa pamoja. Zilipoteza kodi yake kuu. Zilipoteza uwezo wa kumwajiri na kumwachisha kazi mtendaji wake mkuu, yule tunayemwita CAO, kwa kuwa marekebisho ya katiba yaliuhamishia uteuzi wake katika tume ya utumishi wa umma ya taifa. Na sheria mpya ya kodi ya majengo ikaisamehe nyumba anayoishi mwenyewe mwenye nyumba, hata kama ni kasri lenye ukuta wa mawe na geti la umeme, hivyo miji ikanyimwa chanzo ambacho kwingi duniani ndicho nguzo ya fedha za serikali za mitaa. Fidia ya kodi ya kichwa ilitolewa kwa muda na haikuliziba pengo. Mwaka 2008 zikaletwa kodi ya huduma za mtaa, ambayo mfanyakazi hulipa kati ya shilingi 5,000 na 100,000 kwa mwaka, na kodi ya hoteli inayotozwa kwa kila chumba alicholala mgeni. Katika wilaya ambayo wenye mishahara ni walimu, wauguzi na polisi wachache, na hoteli ni nyumba mbili za wageni karibu na stendi, si vigumu kukisia kiasi gani kinapatikana.

Matokeo yake ni kwamba leo zaidi ya asilimia 90 ya fedha za wilaya ya kawaida hutoka Hazina. Katiba, katika ibara ya 193, ilitaja aina tatu za ruzuku: isiyo na masharti, ambayo baraza linaipangia lenyewe, yenye masharti, ambayo kazi yake imeshaamuliwa, na ya usawazishaji, kwa ajili ya wilaya zilizobaki nyuma. Ruzuku yenye masharti imezimeza nyingine mbili. Ilianza kukua kwa sababu njema, baada ya elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997 na msamaha wa madeni wa 1998, wakati wafadhili na serikali walipotaka kuhakikisha kwamba fedha za shule zinafika shuleni na za dawa zinafika zahanati. Lakini sehemu kubwa ya ruzuku hizo ni mishahara, ambayo baraza haliwezi kuongeza wala kupunguza, na iliyobaki imeshawekewa alama kabla haijatoka Kampala. Ikichelewa, na tarehe 30 Juni ikafika kabla haijatumika, inarudi Hazina. Katika miaka ya karibuni hata ushuru mdogo wa soko ambao wilaya inaukusanya yenyewe umetakiwa kupelekwa kwanza katika mfuko mkuu wa serikali, kisha kusubiriwa urudi. Diwani anayekaa katika baraza la aina hiyo anapitisha bajeti kwa namna ambayo mtoto hupokea ujumbe wa kumpelekea jirani: kazi yake ni kuufikisha kama ulivyo.

Kijijini hali ni duni zaidi. Baada ya uchaguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wenyeviti wa LC1 hawakuchaguliwa tena hadi Julai 2018, wapiga kura walipopanga mstari nyuma ya wagombea. Mtoto aliyezaliwa katikati hapo alifika sekondari akiwa na mwenyekiti yuleyule. Posho ya mwenyekiti ni shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi, na ile robo ya mapato iliyotakiwa kurudi kijijini imekauka pamoja na kodi iliyoizaa. Ndiyo maana mhuri wake unalipiwa. Ukitaka barua ya utambulisho, ya kumtolea ndugu dhamana au ya kununua kiwanja, unatoa chochote mezani, na sisi tunamlaani kwa uroho wakati tumemweka katika ofisi isiyo na kitu.

Wanaotetea utaratibu wa kuyapita mabaraza wana hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni tofauti za uwezo. Wilaya ya Wakiso, inayoizunguka Kampala na ambayo sensa ya 2024 iliikuta na watu zaidi ya milioni 3, inaweza kujikusanyia fedha za maana kutoka kwenye majengo, leseni na masoko. Kaabong au Karenga, kule Karamoja, haziwezi, na ukizitegemeza juu ya mapato ya ndani tu utakuwa umemhukumu mtoto wa Karamoja kusoma chini ya mti kwa kosa la mahali alipozaliwa. Hoja hii siibishii. Kinachonishangaza ni kwamba waandishi wa katiba waliiona na wakaiwekea dawa, ile ruzuku ya usawazishaji, na dawa hiyo imebaki ikitolewa kwa kijiko kidogo cha chai wakati fedha zinazotolewa kwa viwango sawa kwa wote zikiongezeka.

Ya pili ni mfano wa Kampala. Sheria ya 2010 iliuondoa mji mkuu mikononi mwa baraza lililochaguliwa na kuuweka chini ya mamlaka inayowajibika kwa serikali kuu, na kuanzia 2011, chini ya mkurugenzi mtendaji Jennifer Musisi, mapato ya jiji yaliongezeka zaidi ya maradufu katika miaka michache, daftari la wafanyakazi hewa likasafishwa, barabara zikawekewa taa. Huo ni ushahidi wa kweli, na mtu asiyeukiri hajadili kwa haki. Ila tuangalie unathibitisha nini. Unathibitisha kwamba chanzo cha mapato cha hapo hapo, kikikusanywa kwa uaminifu, kinaweza kuzaa fedha nyingi kuliko tulivyozoea kuamini. Na hilo ni hoja ya kuziachia manispaa nyingine vyanzo vyake. Haithibitishi kwamba mchaguliwa hana kazi. Miaka mingi ya mvutano kati ya Lord Mayor Erias Lukwago, aliyekuwa na kura za wananchi bila fedha, na ofisi ya mkurugenzi, iliyokuwa na fedha bila kura, ilionyesha gharama ya mpangilio ule: mchuuzi aliyebomolewa kibanda chake hakuwa na mtu wa kumwadhibu kwa kura.

Hoja ya tatu ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba wilayani kuna wezi, kwa hiyo heri fedha zipite juu ya vichwa vyao. Wezi wapo. Utafiti maarufu uliofanywa na wataalamu wa Benki ya Dunia ulikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi za Uganda zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ya wanafunzi iliyotolewa na serikali kuu. Iliyobaki ilinaswa njiani, zaidi katika ofisi za wilaya. Wanaotaka kuyapita mabaraza huishia hapo. Kilichofuata ndicho chenye somo. Serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na ikaamuru shule zibandike hadharani kiasi zilichopokea, na katika miaka michache kiwango cha fedha zilizofika kilipanda mno. Wilaya hazikufutwa wala kuzungukwa. Mzazi alipewa taarifa, na wizi ukapungua. Tena tusijifanye kwamba njia ya moja kwa moja ni safi. Mikopo ya Entandikwa ya miaka ya 1990 na mpango wa Myooga ulioanza 2019 ilibuniwa kwa imani hiyohiyo kwamba fedha zikimfikia mlengwa bila kupitia mezani pa baraza zitakuwa salama, na kila mara tumesikia malalamiko ya majina ya wakopaji yaliyopangwa na ya fedha zisizorudi. Tofauti ni kwamba zinapopotea katika SACCO ya muluka hakuna baraza lenye wajibu wa kisheria wa kuuliza kwa niaba ya mtu asiye mwanachama, ingawa fedha ni za umma na yeye ni umma.

Na kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kile ambacho ruzuku ya kiwango kimoja inakifanya kwa ramani yetu. Milioni 100 ni zilezile kwa muluka wenye kaya mia chache na kwa muluka wa pembeni mwa mji wenye maelfu, hata kama baadaye zimekuja ahadi za kuiongezea miluka ya mijini. Katika bajeti za karibuni kila wilaya ilitengewa shilingi bilioni 1 ya barabara, na kwa hesabu hiyo Kalangala yenye watu wasiofika 100,000 na Wakiso yenye milioni 3 ziliwekwa katika mizani moja. Ukigawa fedha kwa idadi ya maeneo, unawaambia wanasiasa wa kila kona wadai eneo lao. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Leo ni zaidi ya 130, mbali na majiji kama Arua, Gulu, Mbale, Jinja, Mbarara, Masaka na Fort Portal yaliyopandishwa hadhi mwaka 2020. Ile Bukedi ya 1960 peke yake sasa ni wilaya saba: Tororo, Pallisa, Busia, Butaleja, Budaka, Kibuku na Butebo. Kila moja ina mwenyekiti wa LC5 na baraza lake, CAO, tume ya utumishi, bodi ya ardhi, RDC anayemwakilisha rais, na, kwa mujibu wa katiba, kiti cha mbunge mwanamke, jambo lililochangia kulifanya bunge lililochaguliwa 2021 kuwa na wabunge 529. Naelewa kwa nini watu walisherehekea. Mtu wa Kaabong aliyekuwa akifuata ofisi Kotido alikuwa akipoteza siku mbili, na kuna heshima katika kuona jina la kabila au eneo lako kwenye kibao cha wilaya. Lakini ofisi ikisogea bila fedha za kuamulia, kilichosogea ni kibao na gari la mkubwa. Wilaya kubwa ya zamani iliweza kusimama mbele ya Kampala na kusema hapana. Wilaya ndogo isiyoweza kununua mafuta ya greda yake haiwezi kusema hapana kwa mtu yeyote.

Nini basi kinafuata kutokana na haya? La kwanza, mjadala wa bajeti kila Juni uache kuuliza tu kiasi gani kimetumwa mikoani, uulize kiasi gani kimetumwa bila masharti. Majirani zetu wa Kenya waliandika katika katiba yao ya 2010 kwamba kaunti 47 zitapata kwa pamoja angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Kaunti zina matatizo yake, na wizi wake, lakini gavana anajua kwamba kiwango hicho hakitashushwa na hasira ya mtu. Kanuni yetu katika jedwali la saba la katiba inailinda ruzuku isiyo na masharti dhidi ya kupanda kwa bei na kuongeza gharama za huduma mpya, lakini haiwekei sehemu ya wilaya katika pato la taifa kiwango cha chini, ndiyo maana sehemu hiyo imeendelea kusinyaa kadiri bajeti inavyokua. Jambo hili lina haraka kwa sababu ya mafuta. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 imezitengea serikali za mitaa za maeneo ya mafuta asilimia 6 ya mrabaha, huku sehemu iliyobaki ikienda serikali kuu, ambayo hutoa asilimia 1 kwa taasisi ya kitamaduni ya eneo hilo. Hoima, Buliisa na jirani zao watapokea fedha hizo wakiwa na mabaraza ambayo kwa miaka 20 hayajazoea kuamua jambo kubwa lolote, na baraza lisilo na mazoezi ya kuamua juu ya shilingi milioni kumi halitakuwa na hekima ya ghafla mbele ya mabilioni.

La pili, na najua halipendezi, ni kwamba mwananchi anatakiwa alipe kitu hapo anapoishi. Sitaki kurudi kwa tiketi na misako ya alfajiri. Nataka nyumba ya kifahari inayokaliwa na mwenyewe itozwe kodi ya majengo na manispaa yake, kiwango kikianzia juu ya nyumba ya mtu wa kawaida. Nataka ushuru wa soko ubaki kwenye akaunti ya gombolola iliyoukusanya, ukitangazwa ukutani kila mwezi. Na nataka sehemu ya fedha za PDM, hata robo yake, ipitie bajeti ya gombolola, ijadiliwe na madiwani, na mkutano uwe wazi kwa mwenye mkopo na asiye na mkopo. Wanaosema madiwani hawana elimu ya kutosha wanasahau kwamba baba zetu, wengi wao wa darasa la nne, walizijua hesabu za gombolola kuliko sisi tunavyozijua leo, kwa sababu zilikuwa hesabu za fedha zao.

Mwaka jana nilikaa wiki moja katika muluka mmoja wa huku mashariki ambao SACCO yake ilikuwa imeshatoa fedha za awamu kadhaa. Barabara ya kwenda soko la Alhamisi inakatwa na kijito, na mvua zilikuwa zimelibeba kalvati. Nilimuuliza mwenyekiti wa LC3 kwa nini halirudishwi, wakati mamia ya milioni yameingia katika muluka huu. Alinijibu kwa adabu kwamba za SACCO ni za kukopesha na hazigusiki, za barabara ziko wilayani na zimeshapangiwa barabara nyingine, na za gombolola yenyewe hazitoshi hata kununua saruji. Vijana walikuwa wamelaza magogo mawili ya mti juu ya maji. Siku ya soko alikuja mama mmoja na trei za mayai juu ya bodaboda, mayai ya kuku wa mkopo wa PDM. Alishuka kwenye ukingo, akavua viatu, akazivusha trei moja moja kwa mkono, safari sita kwenda na kurudi, huku mwenye pikipiki akimsubiri ng'ambo.